Dawa ya Kuku

Nyumba ile haikuwa na kuku hata mmoja. Ndiyo maana mkazamwana, alipoinua gunia la mwisho la pumba ghalani na kukuta pakiti imekunjwa mara nne na kuchomekwa kwenye ufa wa ukuta, aliikunjua polepole, kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Ilikuwa pakiti ya dawa. Juu palichorwa jogoo mwekundu, kifua mbele, na chini yake maandishi madogo: unga wa kuchanganya na maji, kwa kuku wanaoharisha na kukoroma. Ndani hamkuwa na kitu, ila chembe chache za njano zilizong'ang'ania pembeni.

Akasoma mara mbili. Kisha akakaa juu ya gunia.

Yeye alikuwa mmoja wa wakaguzi wawili wa ndani wa kikundi chao cha wafugaji wa samaki, na juzi tu mkaguzi mwenzake alikuwa amekuja kukagua ghala hilo hilo. Kanuni ya kikundi haikumruhusu mtu kukagua kwake, kwa hiyo wao wawili walibadilishana: huyu kwa yule, yule kwa huyu. Mwenzake alisimama mlangoni, akahesabu magunia kwa macho, akaomba maji ya kunywa, akatia alama ya vema kila mahali. Daftari lilikuwa safi. Alhamisi angekuja mkaguzi wa nje, yule wa shirika linalotoa cheti, na nyumba kumi na moja za kikundi zingepewa nembo ya ufugaji hai kwa mwaka mwingine.

Nembo ile ndiyo iliyotenganisha samaki na samaki. Perege akiuzwa sokoni kwenye beseni, bei yake ilikuwa ya kubembelezana. Perege yule yule akitiwa kwenye mfuko wenye nembo na kupelekwa kwenye maduka makubwa ya mjini, bei ilikaribia kuwa mara mbili na hakuna aliyebembeleza. Masharti yake hayakuwa mengi, ila hayakuwa na mzaha: chakula kisicho na kemikali, vifaranga vya samaki visivyogeuzwa madume kwa homoni, samaki wasibanane, na dawa kama hii ya jogoo mwekundu isiguse maji. Samaki aliyekunywa dawa hiyo hakuruhusiwa kubeba nembo, hata akipona, hata akinenepa.

Akatoka nje, pakiti mkononi.

Baba mkwe alikuwa kwenye ukingo wa bwawa la tatu, suruali ameikunja mpaka magotini, akirusha chakula konzi kwa konzi. Watu walimwita Fundi Bwawa, kwa kuwa hapakuwa na bwawa katika kikundi ambalo hakulichimba yeye au kulipima kwa kamba yake. Alimwona mkazamwana akija, akaona alichoshika, lakini mkono wake haukusita. Alirusha konzi nyingine, akatazama maji yakichemka kwa midomo ya samaki.

“Baba, nimeikuta hii ghalani.”

“Naiona.”

“Hatuna kuku.”

“Hatuna,” mzee alikubali. Akajipangusa mikono. “Kaa, mwanangu. Ukisimama hivyo najiona niko mahakamani.”

Akakaa kwenye nyasi. Mzee akabaki amesimama, uso kauelekeza majini.

“Ni ile wiki uliyokwenda kumuuguza mama yako. Asubuhi nafika hapa, nawakuta wanahema juu ya maji, midomo nje. Siku ya pili nikaopoa saba, ubavuni wana madonda mekundu. Nikaongeza maji mapya, nikapunguza chakula, nikatia chumvi, kama mlivyofundishwa. Siku ya tatu kumi na tisa. Siku ya nne thelathini na mmoja. Nikawazika mwenyewe nyuma ya shimo la mboji, mama yenu asione.”

“Si ungenipigia simu, baba.”

“Nikuambie nini? Kwamba Fundi Bwawa anafiwa na samaki?” Akatikisa kichwa. “Nikaenda duka la pembejeo. Si hili la hapa. Nilipanda pikipiki mpaka kule wasikonijua. Kijana akaniuliza nina kuku wangapi. Nikamwambia mia mbili. Wa mayai au wa nyama? Wa mayai. Wanataga? Nikasema wamepunguza. Umri wote huu, nimesimama mbele ya mtoto wa watu nadanganya habari za mayai.”

Kicheko kilimpanda mkazamwana, na kwikwi ikakifuata nyuma. Akavimeza vyote viwili.

“Utaandika?” mzee akauliza.

“Daftari lina ukurasa wa dawa, baba. Tangu kikundi kianze uko mtupu.”

“Ndiyo maana nakuuliza.”

Akaikunja pakiti tena mara nne. Samaki walikuwa wamemaliza kula na maji yametulia. Jumamosi bwawa hilo lilikuwa livunwe.

* * *

Habari ilimtangulia mezani. Alipoingia na bakuli la mboga, mama mkwe hakumtazama, na mumewe alikuwa akisogeza chakula chake huku na huku kwenye sahani. Mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache na mikono isiyokauka grisi. Hakupenda ugomvi, hasa ule unaozungumzwa kwa sauti ya chini.

“Mimi sikuzisoma hizo kanuni zenu,” mama mkwe alianza. “Ninachojua ni kwamba mtoto akiugua hupewa dawa, na akipona haondolewi jina la baba yake.”

“Ni kweli, mama. Lakini mtoto hauzwi.”

“Haya, nifundishe.”

“Sikukusudia hivyo, mama. Nisamehe.”

Mumewe akaingilia kati. “Tuongee kama watu. Kikundi kina mabwawa thelathini na mawili. Yule mama wa cheti anachukua nyama ya samaki wa mabwawa mawili tu kwenda kupima. Mawili.”

“Na akilichukua letu?”

“Kikundi kizima kimekwisha. Lakini hatalichukua.”

“Na asipolichukua?”

Mumewe akaacha kutafuna. “Asipolichukua si ndiyo tumepona?”

“Sisi tumepona. Samaki wanakwenda wapi?”

Wote walijua bwawa la tatu lilikuwa limebeba nini. Wifi yake alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ukunga, na ada ya mitihani ilikuwa imepangiwa mavuno ya Jumamosi. Mama mkwe alikwisha kumwandikia binti yake asiwe na wasiwasi. Alikuwa mwanamke wa kutimiza ahadi, na sasa alijiona anafanywa mwongo na mtu aliyempokea nyumbani mwake mwenyewe.

“Wengine huolewa wakaja na vyombo,” alisema akiinuka na sahani yake. “Sisi tuliletewa kalamu.”

* * *

Alasiri mkazamwana alikwenda kwenye chumba cha kufungashia, ambako wanawake watano walikuwa wakitia samaki wa nyumba nyingine kwenye mifuko. Kazi yake ilikuwa kubandika lebo. Alivuta bunda, akaanza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaitazama lebo yenyewe. Juu palikuwa na nembo ya kijani. Katikati palikuwa na picha ya Fundi Bwawa, na kofia yake ya nyasi, akitabasamu kwa aibu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Kikundi kilimchagua yeye kwa kauli moja. Chini palikuwa na maneno “Samaki wa ufugaji hai”, na chini kabisa namba ya simu ya kikundi, ambayo ilikuwa namba yake yeye.

Namba ile ilimletea watu wa kila aina. Mwanzoni alipiga bwana mmoja, amekasirika kwelikweli. “Mmeandika samaki hai. Nimefungua mfuko, amekufa.” Ilimchukua muda mrefu kumweleza kwamba uhai unaozungumzwa ni wa namna ya kufuga, si wa samaki, na bwana yule akakata simu akisema basi waandike vizuri. Wanawake wa kufungashia walicheka wiki nzima.

Lakini kulikuwa na simu nyingine, ya mama mmoja mwenye sauti ya uchovu. Mtoto wake akila kitu chenye dawa za aina fulani anavimba uso mpaka macho yanafumba. Ameshalazwa mara mbili. Daktari amemwambia awe mwangalifu na nyama na samaki wa kufugwa. “Naomba uniambie ukweli, dada yangu. Hawa wenu niamini?” Naye akamjibu bila kufikiri, kama mtu anavyojibu salamu: “Amini.” Tangu siku ile mama yule hununua mifuko miwili kila mwisho wa wiki, na mara moja alituma ujumbe wa kushukuru.

Mkaguzi mwenzake, aliyekuwa akifunga mifuko kando yake, alimwona ameshikilia lebo moja muda mrefu bila kuibandika.

“Unaumwa?”

“Hapana. Juzi ulipokuja kwetu, uliangalia nyuma ya magunia?”

Mwenzake akatupa macho kwa wengine, akashusha sauti. “Kwa Fundi Bwawa? Nianze kumhamishia mzee magunia, kana kwamba namtafuta mwizi?” Kisha akamtazama vizuri, na mikono yake ikasimama. “Kuna nini nyuma ya magunia?”

“Nitakuambia Alhamisi.”

“Sisi ni nyumba kumi na moja,” mwenzake alisema taratibu. “Usisahau na hilo.”

“Ndilo ninalolikumbuka.”

* * *

Alimkuta baba mkwe nyuma ya nyumba, anashona wavu uliotoboka. Jua lilikuwa bado juu. Safari hii alikaa bila kuambiwa, akashika upande wa pili wa wavu ili ukazike.

“Baba, nitaandika.”

Sindano ilipita tundu moja, ikapita la pili.

“Nilidhani utasema hivyo.”

“Nataka uandike wewe, lakini. Kuna mahali pa sahihi ya mfugaji. Ukisema mwenyewe kabla hajauliza, wanaondoa bwawa kwenye cheti, hawaondoi kikundi. Nimesoma. Usiposema, nitasema mimi, mbele ya watu, habari ya baba mkwe wangu. Sijui nitasimama vipi.”

“Kwa hiyo unataka nikupunguzie aibu.”

“Ndiyo.”

Mzee aliendelea kushona. Hakuwa mtu wa hasira, na hilo ndilo lililomtia mkazamwana uzito moyoni. Angefokewa, angejua pa kujishika. Mzee alikata uzi kwa meno, akakunja wavu, akaenda zake mabwawani.

Siku mbili zilizofuata mzee alikula akiwapa wenzake mgongo. Mama mkwe alipika, akapakua, akaondoka mezani. Mumewe usiku alilala upande wake, ila asubuhi ya Jumatano alisimama mlangoni na mfuko wa spana, akasema, “Mimi siko upande wao. Wala siko upande wako. Naogopa tu.” Kwa mtu wa maneno machache, hiyo ilikuwa hotuba.

* * *

Mkaguzi wa nje alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, anayetembea na buti zake za mpira kwenye mfuko wa plastiki. Alizivaa mlangoni, akaketi kwenye chumba cha kufungashia mbele ya wafugaji wote, akafungua daftari. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alimkaribisha kwa maneno marefu. Mkaguzi akashukuru kwa mafupi.

“Kabla sijaanza, kuna la kuongeza?” aliuliza. Huuliza hivyo kila mwaka, na kila mwaka watu hutazama miguu yao.

Fundi Bwawa akasimama. Alikuwa amevaa shati la kutokea, vifungo vyote mpaka shingoni, na pakiti ya dawa mkononi.

“Mimi ninalo,” alisema. “Bwawa langu la tatu samaki waliugua. Nikawapa dawa ya kuku. Sikumwambia mtu. Mkazamwana wangu ameikuta pakiti, akaniambia niseme. Basi nimesema.”

Akabaki amesimama, hajui kama akae au la.

Mkaguzi hakuonyesha kushangaa. Aliuliza tarehe, akaandika. Kipimo, akaandika. Samaki wangapi walikufa, walizikwa wapi, nani alikuwepo. Kila jibu mzee alilitoa kwa sauti, mbele ya watu aliowafundisha kushika jembe la kuchimbia bwawa. Kisha mkaguzi akainua kichwa.

“Maji ya bwawa la tatu yakitoka yanakwenda wapi?”

“Yanaingia la nne.”

“Basi ni mabwawa mawili.”

Hakuna mtu wa nyumba yao aliyekuwa amelifikiria hilo. Mume wa mkazamwana, aliyesimama mlangoni, alifumba macho. Mkazamwana mwenyewe alikuwa amepima gharama ya ukweli wa bwawa moja, sasa akaletewa ya mawili.

“Naomba uishike hiyo pakiti, mzee, nipige picha ya kumbukumbu,” mkaguzi alisema. “Kifuani. Maandishi yaonekane.”

Mzee akaishika kifuani. Nyuma yake ukutani palibandikwa lebo kubwa ya maonyesho, yenye uso wake na kofia ya nyasi. Simu ilipotoa mwanga, wawili watatu waligeuka kutazama dirishani.

“Mzee, ungetuambia kwanza sisi wenzako,” mfugaji mmoja alilalamika, mwenye mabwawa matano.

“Nilikusudia nisiwaambie kabisa,” Fundi Bwawa akamjibu. “Ningeanzia wapi?”

Uamuzi ulitoka kabla ya saa sita. Cheti cha kikundi kitabaki, kwa onyo la maandishi. Samaki wa mabwawa yale mawili wasiuzwe popote kwa siku sitini. Baada ya hapo wauzwe kama samaki wa kawaida. Mabwawa yenyewe yakaushwe, yatiwe chokaa, yapumzike, na hayatabeba nembo mpaka kizazi kingine cha samaki kilelewe mwanzo hadi mwisho bila dosari. Na ukaguzi wa ndani nyumba zote urudiwe, kwa kuwa, mkaguzi alisema akivua buti, ukaguzi wa mlangoni ni salamu tu.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Fundi Bwawa alimfuata mwenyekiti.

“Mwalimu, hiyo sura yangu iondoeni kwenye lebo.”

Mwenyekiti alikuna kidevu. Alifikiri muda mrefu, na watu waliokuwa karibu walidhani angesema neno la kumfariji.

“Zimeshachapwa elfu nne, mzee,” alisema. “Tuzimalize kwanza.”

* * *

Wiki zilizofuata hazikuwa nyepesi. Mumewe aliuza pampu mbili alizokuwa amezifufua kwa ajili ya duka alilotaka kufungua, na ada ya wifi ikalipwa siku tatu kabla ya mitihani. Wifi alipiga simu kushukuru. Mama mkwe akamwambia amshukuru kaka yake, kisha akasema na wifi yako pia, ni mgumu lakini si mnafiki. Alisema akijua mkazamwana yuko chumba cha pili na mlango uko wazi.

Mama wa mtoto anayevimba alipigiwa simu. Mkazamwana alimweleza yote: samaki wagonjwa, dawa, mabwawa mawili, kwamba hakuna mfuko hata mmoja wa huko uliofika dukani. Kisha mama yule akasema asante kwa kuniambia, akakata. Wiki ile hakununua. Wala iliyofuata. Baada ya hapo mkazamwana hakujua tena, kwa kuwa hakuthubutu kupiga kuuliza.

Kwenye kikundi walisalimiwa kwa ufupi. Mkaguzi mwenzake alirudi kukagua upya, na safari hii hakuomba maji. Alivua kitenge, akakikunja kwenye kiti, akahamisha magunia yote ishirini na mawili kwa mikono yake, moja moja, hadi ukutani. Hakupata kitu. Alipotoka, nguo zote pumba, alisema, “Kesho zamu yako kwangu. Usiniletee heshima.”

Siku ya sitini na moja walivua bwawa la tatu. Fundi Bwawa alikataa samaki wapewe mchuuzi. “Nimewalea mwenyewe, nimewatia doa mwenyewe, nitawauza mwenyewe,” alisema, na asubuhi na mapema yeye na mkazamwana walikuwa wamekodi meza sokoni, mabeseni manne mbele yao, hakuna mfuko wala lebo.

Meza ya jirani alikaa mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuita mpaka barabarani, aliyeuza samaki pale miaka na miaka. Aliwakaribisha vizuri, akawaazima kisu.

Mteja wa kwanza alikuwa bwana mwenye kikapu. “Samaki wa wapi hawa?”

“Wa bwawani kwangu,” Fundi Bwawa alijibu. “Waliugua, nikawapa dawa. Siku sitini zimepita. Sasa wanalika.”

Bwana yule aliutazama uso wa mzee, akatazama samaki, akaenda zake.

“Mzee wangu,” jirani alisema kwa upole, “biashara haisemwi hivyo. Akiuliza wa wapi, sema wabichi.”

“Wabichi anawaona.”

Wa pili akaondoka. Wa tatu pia. Mkazamwana alijishughulisha na kumwagia samaki maji, akijizuia kumwambia mzee kwamba hapa hapakuwa na daftari, hapakuwa na mkaguzi, na hakuna aliyemlazimisha. Wa nne alikuwa mama mtu mzima, mwenye haraka.

“Sitini kamili?” aliuliza.

“Jana zimetimia.”

“Na wewe unakula?”

“Jana jioni tulivua wachache, tukala nyumbani. Mimi na mke wangu, na huyu mkwe wangu.”

Mama yule akabonyeza samaki mmoja tumboni, akafunua shavu lake akatazama wekundu wa ndani. “Nipe sita,” alisema. Wakati mzee akipima, mama yule akageukia meza ya pili, akamtazama jirani juu mpaka chini. “Na wako? Wao walipewa nini?”

Jirani akashtuka. “Wangu? Wangu wazima.”

“Sikuuliza kama wazima. Walipewa nini?”

Kijana aliyekuwa akichagua samaki kwenye beseni la jirani akaacha kuchagua, akasubiri jibu. Mwanamke mwingine nyuma yake akasogea. Mpaka saa nne swali lile lilikuwa limeshapita meza tano, na wachuuzi watatu walikuwa kwenye simu wakiwauliza wafugaji wao mambo ambayo hawajawahi kuwauliza.

Saa sita beseni la mwisho la Fundi Bwawa lilibaki na samaki wanane, wadogo. Alikuwa ameuza kwa bei ya chini kuliko meza zote. Jirani alimgeukia, mikono kiunoni.

“Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini kesho naomba ukae mbali na meza yangu.”

“Kesho siji,” Fundi Bwawa alisema. Akanyoosha mgongo taratibu, mkono kiunoni. “Kesho kutwa ndiyo tunavua la nne.”

Mkazamwana aliinama kufuta mizani, akakaa huko chini muda mrefu kuliko mizani ilivyohitaji, ili jirani asimwone akicheka.